Seli za uboho zisiposhika: kutafuta chanzo katika jaribio la kushikamana na matriksi

Sahani imepakwa fibronektini, protini ambayo seli hujishikiza kwayo, seli za uboho zimewekwa, saa nzima imepita, umeosha, na kwenye hadubini visima viko vitupu. Au kinyume chake: kila kisima kimejaa seli, hata kile ambacho hakikupakwa chochote. Haya ndiyo malalamiko makubwa ya wanaopima jinsi seli changa za damu zinavyoshikamana na matriksi, yaani ule utando wa protini na sukari unaozizunguka ndani ya mfupa. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili unayoiona, kisha unarudi nyuma kutafuta kilichoisababisha.

Jambo la kujua kabla ya dalili yoyote

Seli ya tishu unganishi ukiiweka kwenye fibronektini hujinyoosha, hutambaa na kung'ang'ania. Seli changa ya damu haifanyi hivyo. Hubaki mviringo, hushika kwa eneo dogo, na hushika pale tu inapokuwa katika hali ya kushika. Vipokezi vyake vikuu vya fibronektini ni integrini mbili, VLA-4 na VLA-5, ambazo zinaweza kujaa juu ya seli na bado zisishike kitu, kwa kuwa zimejikunja kama mkono uliokunjwa kwenye kiwiko. Hufunguka seli inapopata ishara, kwa mfano kutoka kwa sitokini (protini za kupitishia ishara kati ya seli) au kemokini CXCL12 (protini ya kuvuta seli) inayotolewa na seli za stroma, yaani seli tegemezi za uboho, au pale ioni za madini yanayofaa zinapokuwepo.

VLA-5 hutambua mfuatano mfupi unaoitwa RGD, ambao Pierschbacher na Ruoslahti waliueleza mwaka 1984. VLA-4 ina mahali pake pengine kwenye fibronektini, paitwapo CS-1, na pia hushika VCAM-1, protini iliyo juu ya seli za stroma. Nje ya integrini kuna kipokezi CD44, kinachoshika asidi ya hailuroni, sukari ya matriksi. Njia hizi tatu zinaeleza sehemu kubwa ya mambo yanayofuata.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtafiti lisiwe "sahani yangu ina kasoro gani?" Liwe "seli hizi zina umri gani katika ukuaji wake, na zimepitia nini saa chache zilizopita?" Majibu mengi yamo humo.

Dalili: visima vyote ni vitupu

Anza na kisima cha polilisini. Kila sahani iwe na visima vichache vilivyopakwa polilisini, ambayo hunasa seli kwa chaji ya umeme bila kuhitaji integrini. Seli zikishika pale na zisishike kwenye fibronektini, uoshaji wako hauna neno; tatizo liko kwenye integrini au kwenye upakaji. Zikikosekana hata pale, basi ama umezimwaga wakati wa kuosha, ama ziliwekwa chache mno.

Kinachofuata ni madini. Integrini haifanyi kazi bila ioni za magnesiamu, kalsiamu au manganizi. Uboho huenda ulikusanywa kwenye mrija wenye EDTA, kemikali inayofunga madini, au seli zilitengwa kwa sumaku katika bafa ambayo kwa kawaida huwa na milimola 2 za EDTA kwa lita. Mabaki hayo yanatosha kuzinyang'anya integrini madini yake. Osha seli mara mbili au tatu katika bafa isiyo na EDTA, kisha rudisha kalsiamu na magnesiamu, milimola 1 ya kila moja. Hakikisha pia lebo ya bafa ya fosfeti: ile isiyo na kalsiamu wala magnesiamu hufanana na ile yenye nayo, na hapa tofauti yao ndiyo jaribio lenyewe.

Kipimo cha haraka ni kuongeza manganizi, milimola 0.5 hadi 1, kwenye visima vichache. Manganizi hufungua integrini kutoka nje bila kungoja ishara ya seli. Zikishika kwa manganizi na zisishike bila hiyo, vipokezi vipo na upakaji upo. Kilichokosekana ni ishara. Zisiposhika hata kwa manganizi, geukia upakaji, au shuku kwamba vipokezi vimekatwa. Hatua hii ifanyike katika bafa ya HEPES au ya Tris. Ndani ya fosfeti manganizi hugeuka mashapo, nawe utadhani imeshindwa kazi kumbe haikufika kwenye seli.

Baridi nayo husahaulika. Uboho husafirishwa kwenye barafu, na katika nyuzijoto 4 ushikaji wa integrini hushuka sana. Zipashe seli hadi nyuzijoto 37 kwa dakika 20 au 30 kabla ya kuziweka, na uipashe pia bafa ya kuoshea. Mtu anaweza kutunza joto saa nzima ndani ya inkubeta, halafu akamimina bafa iliyotoka kwenye friji na kuziachisha seli alizozisubiri.

Kisha vimeng'enya. Ikiwa seli zilitolewa kwa tripsini, kolajenasi au dispasi, kuna vipokezi vilivyokatwa, na CD44 ni miongoni mwa vinavyoumia. Madini hayatairudisha protini iliyokatwa. Seli inahitaji saa kadhaa katika inkubeta ili itengeneze nyingine. Ukiweza, achana na vimeng'enya na utoe uboho kwa kusukuma bafa ndani ya mfupa. Ila kumbuka upande wa pili wa njia hiyo: seli zilizoshika kwa nguvu zaidi kwenye ukuta wa ndani wa mfupa hubaki humo. Sampuli iliyotoka kwa kusukumwa imekwisha kuchujwa, na waliobaki nyuma ndio hasa uliotaka kuwapima. Linganisha sampuli mbili, ya kusukuma na ya kimeng'enya, kabla hujatoa hukumu kuhusu seli shina.

Upakaji wenyewe ni rahisi kuukagua. Mikrogramu 5 hadi 10 za fibronektini kwa mililita, usiku kucha katika nyuzijoto 4 au saa moja katika 37, hutosha kwa plastiki ya kawaida ya maabara. Fibronektini haipendi kutikiswa. Ukiitikisa kwa nguvu wakati wa kuyeyusha, hujikusanya na kuwa nyuzi zinazoelea. Iache iyeyuke taratibu katika 37. Kisima kisikauke kati ya kupaka na kuziba, yaani kufunika plastiki iliyobaki wazi kwa albumini, protini ambayo seli haziishiki. Kolajeni ya aina ya kwanza huja ndani ya asidi, hivyo visima visipooshwa vizuri asidi hiyo itaziua seli kabla hazijashika.

Dalili: kila kisima kimejaa, hata cha albumini

Hapa kosa hupatikana upesi, na mara nyingi ni uzibaji. Plastiki isiyofunikwa hunasa protini yoyote inayopita, na seramu ina vitronektini na fibronektini tele. Ukiweka seli zikiwa bado ndani ya seramu, umepaka visima vyote bila kujua, kile cha albumini kikiwemo. Hilo lina madhara ya pili: fibronektini iliyoyeyuka kwenye seramu huziba vipokezi vya seli, ikapunguza ushikaji kwenye kisima ulichokipaka. Seramu ile ile inaweza basi kuinua kisima kisichotakiwa na kushusha kinachotakiwa, hadi tofauti kati yao ikatoweka. Fanya jaribio bila seramu, kwa kutumia albumini safi kama kinga ya seli.

Kwa kuziba, albumini iliyopashwa moto huziba vizuri kuliko mbichi: miligramu 10 kwa mililita, nyuzijoto 85 kwa dakika 10 hivi, ipoe, kisha iwekwe kwenye visima kwa nusu saa au zaidi.

Uzibaji ukiwa sawa na visima bado vimejaa, tazama ni seli za aina gani. Monosaiti na makrofaji hushika plastiki vyovyote vile, na uboho unazo. Zimwage seli kwenye chupa tupu ya kukuzia kwa saa moja au mbili, kisha uchukue zile zinazoelea. Usizidishe muda huo, kwa sababu hata seli changa baadhi zitaanza kubaki chini.

Chanzo cha tatu ni seli zilizokufa, hasa zilizotoka kwenye naitrojeni ya kugandishia. DNA inayovuja ni nata na hubandika seli hai katika mabonge. Kimeng'enya cha DNase kinasaidia, mradi kuna magnesiamu na kalsiamu. Ukikiweka kwenye bafa yenye EDTA hakitafanya lolote. Ikiwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya seli zako zimekufa, ziondoe kwanza. Kwangu mimi, kupima kushikamana kwa sampuli iliyojaa mizoga ni kupoteza uboho wa mtu au wa mnyama aliyeutoa.

Dalili: visima vitatu vya aina moja, majibu matatu tofauti

Ni uoshaji. Kwa vile seli hizi hazijinyooshi, nguvu ya mkono wako ni kubwa kuliko nguvu ya ushikaji wao. Usielekeze pipeti katikati ya kisima wala usivute maji hadi mwisho. Pita ukingoni, acha tabaka dogo la maji chini. Bora zaidi ni kujaza visima, kuziba sahani na kuigeuza juu chini ili uzito ufanye kazi, au kuizungusha ikiwa imegeuzwa kwenye sentrifuji kwa mwendo mdogo. Kila kisima hupata nguvu ile ile, na mkono wa mtu hauingii kwenye takwimu.

Dalili: zilishika, kisha zikaachia

Ukipima baada ya dakika 30 ushikaji ni mzuri, ukipima baadaye umeshuka. Kwanza uliza kama kuna sitokini ndani. SCF, IL-3 na GM-CSF huchochea VLA-4 na VLA-5 zishike, lakini msisimko huo ni wa muda: hupanda ndani ya dakika chache na hushuka hata sitokini ikiwa bado ipo. Mtu anayepima baada ya saa mbili tu atasema sitokini haina athari. Pima kwa nyakati kadhaa, kuanzia dakika 5, 15 na 30, halafu endelea mbele.

Kama hakuna sitokini kabisa na saa zimekuwa nyingi, seli changa zinaanza kufa kwa kukosa chakula chake, na seli inayokufa huachia. Kipimo cha uhai kifanyike kwenye zile zinazoelea, si kwenye zilizoshika peke yake.

Dalili: seli za wiki iliyopita zilishika, za wiki hii hazishiki

Hii ndiyo dalili inayonihangaisha zaidi kuona inavyoshughulikiwa, kwa sababu watu hubadilisha kila kitu maabara, chupa mpya ya fibronektini, sahani mpya, bafa mpya, kabla ya kuziangalia seli zenyewe. Seli imekua. Kuacha kushika ni sehemu ya kukomaa kwake.

Chukua ukoo wa chembe nyekundu. Seli tangulizi zake hushika fibronektini vizuri. Kadiri eritroblasti (seli changa ya ukoo huo) inavyokomaa, integrini hupungua, na retikulosaiti ya kawaida, yaani chembe nyekundu changa iliyokaribia kukomaa, hutoka ikiwa imeachia karibu kabisa, tayari kuingia kwenye damu. Patel na Lodish walionyesha katika miaka ya 1980, kwa seli za eritroleukemia za panya, kwamba kipokezi cha fibronektini hupotea seli zinapokomaa, na kwamba fibronektini yenyewe inahitajika ili zifike kwenye hatua ya retikulosaiti. Kwa hiyo ukikuza seli tangulizi kuelekea chembe nyekundu, sampuli ya siku za mwanzo na sampuli ya siku za mwisho ni seli mbili tofauti kwa jaribio hili. Jambo la kuangalia: katika ugonjwa wa selimundu, retikulosaiti zinazotolewa haraka kabla ya wakati hubaki na VLA-4 na hushika VCAM-1 na fibronektini. Hapo ni kushika, si kuachia, kunakoashiria tatizo.

Neutrofili hufuata njia inayofanana. Zikiwa changa zina VLA-4, na kipokezi CXCR4 huzivuta kuelekea CXCL12 ya stroma. Zikikomaa vyote viwili hupungua, nazo huondoka. Seli B changa huning'inia kwenye VCAM-1 kwa VLA-4, na kingamwili zinazoziba mshiko huo huzuia ukuaji wake katika vyombo vya kukuzia vyenye stroma.

Megakariosaiti, seli inayozalisha chembe sahani, ni kesi ya peke yake, na usiipime kwa kipimo cha wenzake. Yeye hashiki fibronektini tu. Ana kipokezi cha fibrinojeni na kipokezi cha kolajeni. Kolajeni ya aina ya kwanza humzuia kutoa mikia ya kuzalisha chembe sahani, na fibrinojeni humruhusu. Ukiona megakariosaiti zimeshika vizuri kwenye kolajeni lakini hazitoi chembe sahani, zinafanya kile ambacho matriksi hiyo imeziambia zifanye.

Tiba ya dalili hii ni kutenga seli kwa hatua ya ukuaji kabla ya kupima. Kwa binadamu tumia alama za juu ya seli: CD34 na CD117 kwa changa, CD71 na glikoforini A kwa ukoo mwekundu. Kwa panya, CD71 na Ter119. Andika hatua hiyo kando ya kila namba. Jedwali linalosema "seli za uboho, asilimia 30 zimeshika" halimwambii msomaji kitu, kwa sababu hajui ni asilimia 30 ya zipi.

Dalili: kingamwili ya kuzuia haizuii

Umeweka kingamwili dhidi ya VLA-5, au peptidi ya RGD, na seli bado zimeshika. Kabla ya kutupa chupa, kumbuka VLA-4 na CS-1. RGD haigusi njia hiyo. Zuia zote mbili kwa pamoja, kisha moja moja, na uwe na peptidi ya RGE, inayofanana na RGD lakini isiyozuia, ya kulinganishia. Ushikaji ukibaki hata hapo, fikiria CD44 na sehemu za fibronektini zinazoshika heparini, sukari inayozuia damu kuganda. Uboho uliokusanywa ndani ya heparini unaweza kuvuruga sehemu hizo, kwa hiyo osha vizuri kabla ya kupima.

Hakikisha kingamwili yenyewe ni ya kuzuia. Kingamwili nyingi hujishika kwenye integrini bila kuizuia, na nyingine huichochea: TS2/16, dhidi ya mnyororo wa beta 1 wa binadamu, ulio katika VLA-4 na VLA-5 zote, huifungua integrini. Ukiichukua kwa kudhani inazuia, ushikaji utapanda. Kwa alfa 4, mnyororo mwingine wa VLA-4, wa panya, PS/2 huzuia. Kwa binadamu, HP2/1. Kisha soma kihifadhi kilichomo. Azidi ya sodiamu hukata nishati ya seli na kupunguza ushikaji, na utaisifu kingamwili kwa kazi iliyofanywa na sumu. Kisima cha kingamwili isiyohusika, yenye azidi ile ile, kitakuonyesha ukweli.

Dalili: hesabu ya seli inasema hivi, hesabu ya koloni inasema vingine

Hakuna ugomvi kati ya namba hizo. Hesabu ya seli inapima umati, na umati wa uboho ni seli zilizokwisha kukomaa. Hesabu ya koloni, yaani mafungu yanayotokana na seli moja moja, inapima zile chache zinazoweza kuzaa: panda zilizoshika na zinazoelea kwenye methiliselulosi (uji mzito wa kukuzia), kila kundi peke yake, usubiri siku 14 hivi kwa binadamu, 7 hadi 12 kwa panya. Jumla ya makundi mawili ikaribie idadi uliyoweka mwanzoni. Ikipungua sana, kuna seli zilizopotea kwenye maji ya kuoshea au zilizong'ang'ania chini zikagoma kutoka. Zile za mwisho zitoe kwa bafa baridi yenye EDTA, ambayo hapa ni rafiki.

Dalili: vipokezi vinaonekana kwenye mashine, kushika hakuna

Flosaitometa, mashine inayopima vipokezi kwenye seli moja moja, imeonyesha VLA-4 na VLA-5 kwa wingi wa kawaida, na seli hazishiki fibronektini. Rudi kwenye manganizi. Tumia pia kingamwili inayotambua integrini iliyofunguka tu, kama 9EG7 ya beta 1, ili ujue kama kasoro ni wingi au ni hali.

Mfano mkubwa wa dalili hii ni saratani ya damu aina ya leukemia sugu ya mieloidi. Seli tangulizi za wagonjwa hawa hubeba integrini za beta 1, lakini hushika stroma na fibronektini kwa udhaifu, huku zikishika laminini na kolajeni ya aina ya nne kuliko seli za kawaida. Utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha pia kwamba interferoni alfa hurudisha kwa kiasi mshiko huo uliopotea. Maabara iliyopaka fibronektini peke yake ingesema seli hizi hazishiki matriksi, na ingekosea. Kwa sampuli ya mgonjwa, paka angalau fibronektini, laminini na kolajeni kwenye sahani moja.

Asili ya seli iandikwe pia. Seli za CD34 zilizokusanywa kwenye damu baada ya mtu kupewa G-CSF, sitokini inayotumika kama dawa, zimekwisha kuachishwa uboho: vimeng'enya vya neutrofili hukata VCAM-1 na CXCL12, na mshiko wa VLA-4 hulegea. Kingamwili ya natalizumab, inayozuia alfa 4, nayo huongeza seli za CD34 kwenye damu. Kuzilinganisha seli za namna hiyo na zilizovutwa moja kwa moja kutoka kwenye mfupa, kisha kuiita tofauti hiyo athari ya ugonjwa, kumepotosha zaidi ya jaribio moja. Mtu wa kulinganisha naye atoe sampuli kutoka sehemu ile ile ya mwili, kwa mrija wa aina ile ile, na seli zake zipimwe siku hiyo hiyo na za mgonjwa.